Hakuona Haja ya Kukataa

Fosia alipopiga simu kutoka Uswidi kusema amelipia safari ya meli ya watu wawili, yeye na dada yake, Ilwad alikuwa sebuleni kwa mama yao mjini Garissa, akitazama feni. Stima ilikuwa imepotea, na feni ilikuwa ikipunguza mwendo kidogo kidogo. Alisubiri mpaka iliposimama kabisa, kisha akasema, "Sawa."

"Sawa tu? Abaayo, nimekwambia meli. Ghorofa juu ya ghorofa. Unapikiwa, unatandikiwa kitanda. Tunakutana Dubai, tunapanda, tunazunguka mpaka Oman na kurudi. Wiki nzima, mimi na wewe."

"Nimesikia. Nitakuja."

Abaayo, yaani dada, ndilo jina waliloitana tangu utotoni, ingawa Ilwad ndiye mkubwa. Fosia aliondoka nyumbani akiwa msichana na sasa alikuwa mtu mzima, mwajiriwa wa nyumba ya kutunzia wazee katika mji ambao Ilwad hakuweza kulitamka jina lake vizuri. Wenzake wa kazini walikuwa wakienda safari kama hizo kila baridi ilipozidi. Fosia aliona na yeye ajaribu, na hakutaka kujaribu na mtu mwingine.

Mama yao, Hadiyo, alimpokonya Ilwad simu. "Allah akubariki, mwanangu," alimwambia Fosia. "Itamsaidia. Na hali yake si mbaya siku hizi, alhamdulillahi. Anatembea kidogo na mkongojo."

Ilwad alimsikia. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, magoti yamefunikwa kwa shuka, na katika nyumba ile hapakuwa na mkongojo wowote. Mama yake alikuwa akimwambia Fosia maneno hayo kwa miezi mingi. Walipopigiana simu za video, Fosia alichoona ni uso na mtandio tu. Ilwad hakusahihisha. Hakuona haja, kama ambavyo hakuona haja ya kukataa safari. Mtu akikataa huulizwa sababu, na kutafuta sababu ni kazi.

Kabla ya kiti hicho alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi, mke wa Bishar, mfanyabiashara wa mifugo. Bishar alikuwa akinunua mbuzi sehemu za Ijara na kuwaleta mnadani Garissa. Siku moja mwaka uliopita walienda pamoja harusini Masalani, na wakati wa kurudi Bishar akapakia mbuzi kadhaa nyuma ya pikapu. Walipokuwa wameiacha Kotile nyuma, gurudumu la mbele lilipasuka, pikapu ikabingirika. Bishar alifariki papo hapo, ndivyo watu walivyosema. Ilwad alivunjika uti wa mgongo. Tangu kitovuni kushuka chini mwili ulikuwa wake kwa macho tu. Akiugusa, ni mkono uliohisi, si mguu.

Aliporudishwa kutoka hospitali ya Nairobi, wanawake walijaa nyumbani kumpa pole, wakimwambia asubiri, ni kadari ya Mungu. Aliitikia kila mmoja. Hakulia. Wengine walisema ana imani kubwa. Miezi ilipita na bado hakulia, hakukasirika, hakutamani chakula wala kukichukia. Alikula alichowekewa. Mwalimu mkuu alikuja kumwuliza kama atarudi kazini, naye Ilwad akasema, "Inshallah," kwa sauti ile ile aliyoitumia kukubali chai.

Siku ya safari, binamu yao Shirwa alimpeleka Nairobi kwa gari lake. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini njiani maneno yalimwisha kwa kujibiwa "ndiyo" na "sijui". Ilwad hakunywa maji tangu usiku. Wauguzi wa Nairobi walimwonya sana juu ya hilo, lakini wauguzi wale hawakuwahi kuwaza choo cha ndege.

Kwenye mlango wa ndege wahudumu walileta kiti chembamba, kile kinachopita katikati ya safu za viti. Walikuwa wanaume wawili. Shirwa, ambaye aliwaomba askari mpaka wakamruhusu kufika hapo, alisimama mbele yao.

"Ndugu, mama hakuna hapa ya kubeba yeye? Huyu ni dada yangu. Mwanamume hawezi shika yeye hivi hivi."

"Mzee, leo tuko sisi tu," mmoja alijibu kwa upole. "Tukingoja mwingine, ndege itaondoka."

"Basi ingoje!"

"Shirwa," Ilwad alisema. "Waache."

"Abaayo, si vizuri."

"Waache wanibebe."

Zamani angetamani ardhi ipasuke immeze. Sasa aliinua mikono kama alivyoambiwa, wakamshika kwapani na chini ya magoti, wakamwinua. Buibui lilipanda, Shirwa akaruka kulivuta chini, kisha akageuka akatazama ukuta. Ilwad alimwona akijifuta macho kwa kiganja. Alifikiri kwamba angepaswa kumwambia neno, lakini tayari walikuwa wamemgeuza na anaingizwa kinyumenyume. Kiti chake, ambacho fundi wa baiskeli wa sokoni alikitia magurudumu manene kwa ajili ya mchanga wa Garissa, kilibandikwa karatasi kikapelekwa kwenye mizigo.

Ndani ya ndege alikaa dirishani. Hospitali walimfundisha kujiinua kwa mikono kila baada ya muda mfupi ili ngozi isife kwa kukaliwa. Alijiinua mwanzoni, halafu akaacha. Chai ilipoletwa, kijimeza hakikulala sawa juu ya magoti yake, kwa hiyo akakiweka kikombe katikati ya mapaja. Ndege ilitikisika. Jirani yake, mzee wa Kihindi, alipiga kelele.

"Mama! Imekumwagikia! Imechoma!"

Ilwad alitazama chini. Nguo ilikuwa imelowa na mvuke unapanda. "Haina shida," alisema, akamrudishia mhudumu kikombe kitupu. Mzee alimtazama kwa muda mrefu, kisha akageukia upande wa pili.

Kule Dubai, msichana wa uwanjani alimsukuma mpaka ukumbi wa kutokea. Fosia alikuwa amesimama nyuma ya kamba, amevaa koti la mvua mahali pasipo na mvua, amenenepa usoni kuliko alivyoonekana kwenye simu. Alikuwa akitafuta. Macho yake yalikuwa juu, kwenye nyuso za watu waliosimama, na yalipita juu ya kichwa cha Ilwad, yakarudi, yakapita tena.

"Abaayo," Ilwad aliita.

Fosia alishusha macho. Kwanza alitabasamu, maana ndiyo sura aliyokuwa akiingoja. Halafu akaona kiti, mkanda kiunoni, na miguu iliyopangwa pamoja kama vitu vya mtu mwingine.

"Mkongojo uko wapi?"

"Hakuna mkongojo."

"Mama alisema unatembea."

"Najua."

"Na wewe ulikuwa umekaa pale pale akisema."

"Nilikuwepo."

Fosia alipiga magoti sakafuni, akamkumbatia hivyo hivyo, na watu wakawapita na mizigo yao kulia na kushoto. Ilwad aliuweka mkono wake mgongoni mwa mdogo wake. Koti lilikuwa la plastiki, lilipiga kelele kila lilipoguswa. Baadaye Fosia aliinua uso. "Sijawaambia watu wa meli," alisema. "Nimechukua chumba cha kawaida."

Bandarini, mwanamke wa kaunta alikitazama kiti na magurudumu yake manene kama anayetazama mnyama aliyeingia ofisini. Alisema hakuna aliyewaarifu. Alisema vyumba vyenye milango mipana vilikuwa vichache na vimechukuliwa vyote. Akamwita msimamizi, mwanamume wa shati jeupe, ambaye alisimama akamwuliza Fosia, "Anaweza kusimama?"

"Muulize yeye," Fosia alisema.

Mwanamume yule aliona haya, akainama. "Samahani, mama. Unaweza kusimama?"

"Siwezi," Ilwad alijibu kwa Kiingereza chake cha darasani.

"Ukishikiliwa?"

"Hapana."

"Miguu inahisi chochote?"

"Hapana."

Kila jibu lilikuwa geni kwa Fosia kama lilivyokuwa kwa msimamizi. Ilwad alimsikia akivuta pumzi pembeni.

Msimamizi alieleza. Kiti hakitapita mlango wa chumba. Hakiruhusiwi kuachwa ujiani, watakiweka kwenye stoo na kukitoa kila atakapokihitaji. Humo chumbani atakuwa hana kiti kabisa. Atahitaji mtu wa kumbeba kutoka mlangoni hadi kitandani, na kutoka kitandani hadi bafuni, ambako kuna kizingiti kirefu. "Nani atafanya hivyo?"

"Mimi," Fosia alisema. "Ndiyo kazi yangu. Nawabeba watu wazito kuliko huyu kila siku."

"Na wewe mama," msimamizi alimgeukia Ilwad, "unataka kupanda? Ukitaka kurudi nyumbani tutakusaidia. Hakuna atakayekulaumu."

Wote walimtazama. Alijaribu kupima, kupanda na kurudi, na akaona vyote vina uzito mmoja. "Nimeshafika," alisema.

Chumba kilikuwa na dirisha la duara na vitanda viwili. Fosia alifunga mlango, akavua koti, akakunja mikono ya nguo. Mikono yake ilijua la kufanya: mmoja nyuma ya mabega, mmoja chini ya mapaja, goti lake likisukuma kwenye kitanda, na Ilwad akajikuta amekaa pasipo kuvutwa wala kutetereshwa. Hakuna aliyewahi kumhamisha hivyo. Nyumbani walimbeba kama gunia, wakisema bismillahi.

"Nikuogeshe," Fosia alisema. "Umesafiri tangu jana."

Alimbeba akamvusha kizingiti, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki chini ya bomba, akamvua. Kwenye paja la kushoto ngozi ilikuwa nyekundu na imevimba, na malengelenge makubwa mawili, moja limeshapasuka.

"Hii ni nini?"

Ilwad alilitazama paja. "Chai. Kwenye ndege."

"Ilikuunguza hivi na hukumwambia mtu?"

"Sikujua kama imeunguza."

"Ulikuwa na macho!" Fosia aliirusha taulo ukutani. "Ulikuwa na macho, Ilwad, uliona maji ya moto yakikumwagikia! Na mwaka mzima umenitazama kwenye simu, ukanisikiliza nikikuuliza hali, ukasema mzima. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini?"

"Ningekuja!"

"Hukuja kuzika," Ilwad alisema.

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayetaja leo ni siku gani. Maji yalikuwa yakitiririka. Fosia aliketi juu ya kizingiti na nguo zake zote zikalowa.

"Niliwaambia sikupewa likizo," alisema. "Sikuomba likizo. Niliogopa. Niliogopa kuingia kwenye nyumba ile nikakukuta umekaa hivyo."

"Hivi nilivyo."

"Ndiyo."

"Sawa," Ilwad alisema. Alingoja kuona kama itamuuma. Haikumuuma. "Maji yanapoa."

Fosia akainuka akamwogesha, taratibu, hata nyuma ya masikio, kisha akamvalisha na kumwita muuguzi wa meli, ambaye alifunga lile jeraha na kusema waje kila asubuhi.

Meli iliondoka nao wamelala. Siku zilizofuata zilikuwa na mpango wake. Asubuhi muuguzi, halafu kiti kinaletwa, halafu lifti, halafu ukumbi wa chakula, wali na samaki na mboga maana nyama hawakuiamini kuwa ni halali. Fosia alikuwa akionyesha vitu: tazama bwawa la kuogelea, tazama wale wazee wanavyocheza dansi. Ilwad alitazama kila alichoonyeshwa. Bahari ilikuwa pana na rangi moja, na alivumilia kuitazama kwa muda mrefu kuliko vitu vingine kwa sababu haikumtaka aseme chochote.

Walipotia nanga Maskati abiria karibu wote walishuka. Fosia alikuwa amevaa kofia, ameandaa mkoba na maji. "Wanasema ngazi ya kushukia ina mteremko mkali," alisema, "lakini wametoa watu wa kukubeba. Tutaona soko, tutaona msikiti."

"Sitaki," Ilwad alisema.

Fosia alisimama na mkoba wake. "Unaumwa?"

"Hapana. Sitaki kubebwa leo. Nenda wewe."

Ilwad mwenyewe alishangaa kidogo kusikia neno lile kutoka kinywani mwake. Fosia alivua kofia. Hakwenda. Walipanda juu, sehemu ya wazi, wakakaa kivulini. Palikuwa pamepoa. Mfanyakazi mmoja alikuwa akipangusa meza upande wa mbali, na nyuma yake viti vya bluu vya kulalia vilikuwa vitupu vyote, mstari mzima.

"Nataka kukuuliza kitu," Fosia alisema. "Unaweza kusema hutaki. Bishar alikufaje?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza. Polisi waliuliza juu ya gurudumu. Madaktari waliuliza juu ya miguu. Ilwad aliona kwamba jibu liko pale tu, limekaa, wala halikuhitaji kutafutwa.

"Hawakufa papo hapo," alisema, akimtaja mumewe kwa wingi wa heshima aliyozoea kumpa mbele ya watu, kisha akaiacha. "Hakufa papo hapo. Alikuwa kama pale penye viti vile vya bluu. Nilimwona uso. Aliniuliza kama mbuzi wametoka. Nikamwambia wametoka. Akasema, Ilwad, wafungie. Kama vile tuko nyumbani."

Fosia alivigeukia viti vile.

"Halafu akataka maji. Chupa ilikuwa karibu yangu, niliishika. Nikataka kuinuka, mwili hauji. Nikafikiri nimenaswa na kitu, nikawa najivuta kwa viwiko, na bado siendi popote. Nikamrushia chupa. Haikumfikia. Alikuwa anaitazama. Akaniuliza mbona siji. Nikamwambia nakuja. Akauliza tena. Nikamwambia nakuja, nakuja. Nilisema hivyo mpaka akanyamaza, na baada ya kunyamaza niliendelea kusema. Waliokuja kutuokoa walinikuta bado nasema. Walidhani nimechanganyikiwa."

"Mama anajua?"

"Hapana. Nilipozinduka hospitali wakaniambia alikufa papo hapo, hakuteseka. Walikuwa wamefurahi kuniambia. Nikaitikia."

Mfanyakazi wa meza alipita karibu, akawauliza kama wanahitaji kinywaji. Fosia alitikisa kichwa. Ilwad alijua kinachofuata sasa: subira, kadari, mapenzi ya Mungu. Aliyaamini yote hayo, na alikuwa tayari kuitikia.

"Ulipomwambia unakuja," Fosia alisema, "ulikuwa unajua huwezi?"

"Hapana. Nilijua baadaye."

"Kwa hiyo ulikuwa unakuja kweli."

Ilwad alifikiri. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kufikiri juu ya jambo mpaka mwisho wake. "Nilikuwa nakuja," alisema. "Lakini yeye hakuona mtu akija. Aliona mtu amelala pale na maji."

"Ndiyo," Fosia alisema. Hakubisha.

Ilwad alingoja machozi, maana alidhani ndiyo yatakayofuata, hata akafungua midomo kidogo kuyapisha. Hayakuja. Kilichokuja ni uchovu, mzito, wa mwili wote unaohisi, mabega na shingo na vidole. Alilala pale pale kitini. Alipoamka jua lilikuwa limehama na watu wameanza kurudi na mifuko yao. Fosia alikuwa amempachika mto upande mmoja ili asikalie mahali pamoja.

Waliporudi Dubai, Fosia alibadilisha tiketi yake, wakapanda ndege ya Nairobi pamoja. Safari hii Fosia ndiye aliyewaelekeza wahudumu, na Shirwa aliyewapokea alishukuru Mungu kwa sauti mpaka watu wakageuka. Garissa, mama Hadiyo alikuwa amechinja. Fosia alimbusu mikono, akala, na walipokwisha kula akamwambia, "Hooyo, usiniambie tena kwamba anatembea."

"Sikuwa nadanganya," mama yao alisema. "Nilikuwa naomba dua. Niliona nikilisema kwa nguvu huenda Mungu akaliacha liwe."

Fosia alikaa karibu mwezi. Alimfundisha mama na majirani namna ya kumhamisha mtu, akawatuma kujaribiana wao kwa wao mpaka wakacheka hadi kushika mbavu. Juu ya Bishar hakumwambia mtu. Siku ya kuondoka alilia uwanjani, na Ilwad, aliyemsindikiza mpaka huko, alimpa kitambaa.

Muhula ulipoanza Ilwad alirudi shuleni. Si kwamba alitamani. Mwalimu mkuu alikuja tena kuuliza, na safari hii Ilwad alipojiuliza kama anataka au hataki, akaona kwamba kweli hakatai, wala si kwa uvivu wa kutafuta sababu. Walimpa darasa la nne, lililokuwa karibu na lango. Watoto walikikodolea macho kiti kwa siku moja au mbili, halafu wakakizoea. Wengi walikuwa wamesikia habari za meli, na wakati wa insha ya safari msichana mmoja wa mstari wa mbele, Sabrin, aliinua mkono.

"Mwalimu, kwa meli kulikuwa na mbuzi?"

"Kwenye meli," Ilwad alisahihisha. "Ndiyo. Walikuwapo."

"Walikuwa wapi?"

"Kwenye sahani."

Darasa zima liliangua kicheko, wengine wakipiga madawati. Ilwad aliwaacha wacheke mpaka wakatosheka, kisha akafungua kitabu na kuwaambia waandike tarehe.